Kihispania Chini ya Kitabu cha Fizikia

Alhamisi, alasiri. Hapa kwetu Ilomba kuna ukungu tangu asubuhi, na soksi zangu za shule hazijakauka tangu juzi.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata wewe daftari. Najifunza Kihispania, kwa simu. Huu ni mwaka wa pili.

Mama anajua nasoma Fizikia. Simu alininunulia kwa ajili ya Fizikia. Nikisikia malapa yake koridoni, kitabu kinalala juu ya daftari na mimi nakunja uso kama mtu anayetafuta mwendokasi wa gari. Mtihani uliopita nilipata D. Gari bado linatafutwa.

Kwa nini Kihispania? Kidato cha kwanza, masomo yalipogeuka yote kuwa Kiingereza, nilisimama kujibu swali, nikakosea matamshi, darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo sinyooshi mkono. Kihispania hakuna aliyewahi kunicheka nacho, maana hakuna aliyewahi kunisikia.

Ninachopenda zaidi ni maneno yenye maana zaidi ya moja. Gato ni paka, na ni jeki ya gari pia. Nilicheka peke yangu, halafu nikakumbuka kwamba hata kwetu kuna mbuzi wa kula majani na mbuzi ya kukunia nazi. Kila neno la namna hiyo lina ukurasa wake daftarini. Upande mmoja naandika maana ninayoijua, upande wa pili nauacha wazi mpaka nikutane na nyingine.

Sasa ya wiki iliyopita.

Likizo fupi nilikwenda Igowole kwa shangazi, dada yake baba, aliyeolewa na Mhehe na anayelima parachichi. Kikundi chao cha akina mama kilipata mgeni kutoka Peru, mama Lucía, aje kuwafundisha kubebesha miche, yaani kupachika kitawi cha parachichi bora kwenye mche wa kienyeji. Mkalimani wake akaugua. Mgeni anaongea, akina mama wanatazamana.

Mimi nilikuwa naelewa nusu. Nikanyamaza. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilinyamaza.

Saa nne shangazi akanituma nimpelekee mgeni chai. Kule binti hampi mtu mzima kitu akiwa amesimama, kwa hiyo nikapiga goti kwenye nyasi. Mgeni akadhani nimeangusha kitu. Naye akapiga magoti, akaanza kupapasa nyasi, anatafuta! Akina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Yeye anaendelea tu kutafuta, uso umemwiva, haelewi wanachekea nini.

Ule uso naujua. Niliwahi kuuvaa.

Nikamwambia kwa Kihispania kwamba hakuna kilichopotea, hii ni heshima yetu. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"We Zuhura!" shangazi akapiga kelele. "Kumbe una Kizungu kingine umekificha tumboni!"

Nikatafsiri mpaka saa saba. Nilikosea pia. Mgeni aliposema hueso, nikawatangazia watu wachunge mfupa wa parachichi usikatike. Shangazi akajibu, "Mwambie la kwangu ni steki tupu." Wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikashangaa kwamba haikuuma. Kumbe hueso ni kokwa pia. Na yema, ambayo mimi niliijua kama kiini cha yai, mgeni akanionyesha kuwa ni kichipukizi kwenye tawi. Halafu akaibonyeza ncha ya kidole changu: hii nayo ni yema.

Maana tatu! Ukurasa haukutosha.

Kabla ya kuondoka, kila mama alikuwa amebebesha mche wake kwa mkono wake. Wananitaka tena Jumamosi ya wiki ijayo, na ruhusa ni ya mama. Shangazi amenipa mpaka kesho nimwambie mwenyewe. "Ukishindwa napiga simu, na mimi sijui kusema taratibu."

Siogopi kugombezwa. Naogopa mama aichukue simu yangu. Naogopa zaidi aulize, "Kihispania cha nini?" nami nikose neno hata kwa Kiswahili.

Lakini jibu ninalo, si ndiyo? Watu wazima waliniuliza kitu na wakakifanya nilivyowaambia. Mimi, nisiyenyoosha mkono.

Mama amemaliza kuswali. Nasikia mkeka unakunjwa. Malapa yameingia jikoni, yametoka, yanakuja huku.

Mkono umeanza kwenda kufunika, kwa mazoea tu. Nimeurudisha. Ukurasa uko wazi, wino bado mbichi.

Karibu, mama. Kaa hapa kitandani. Nina ombi la Jumamosi, ila soma ukurasa huu kwanza.