Mstari wa Shahidi

Prosna,
27 Oktoba

Dada yangu mpendwa Arlene,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kutafakari kwa kina, nakutangazia rasmi kwamba achari yangu ya bitruti imeshika nafasi ya tatu kwenye maonyesho ya vuli ya kanisani. Washindani tulikuwa watatu. Jaji aliandika kwenye kadi neno moja tu: "Amejitahidi." Kadi nimeibandika kwenye mlango wa friji, nayo hunitazama kila ninapofuata maziwa.

Baada ya habari hiyo nzito, hujambo dada? Nyonga mpya inasemaje? Mwanao Todd aliniambia kwamba sasa unatembea huko kwake hadi kwenye sanduku la barua bila mkongojo, na kwamba umemrudishia daktari karatasi ya maelekezo ukiwa umemsahihishia kwa wino mwekundu. Hapo nikajua umepona. Sisi huku hatujambo. Mahindi tulimaliza kuvuna Jumanne, mvua ikaja Jumatano, kwa hiyo kwa mara moja nilionekana mkulima mwenye akili. Paka wako ananenepa hapa kwangu na bado hanisalimii.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu. Mara ya kwanza nikaishia kuzungumzia mvua, ya pili paka, ya tatu bitruti. Ndiyo maana leo nimejiketisha kwenye meza ya jikoni, kama ulivyokuwa ukinikalisha nilipokuwa mdogo, na nimejiambia sinyanyuki mpaka nimalize.

Ya shule sijui nianzie wapi. Watoto wanane wameondoka na vocha zao za karo za serikali kwenda shule ya Walutheri kule Amity, na kwa shule ndogo kama yetu wanane ni wengi. Bodi imeunganisha darasa la tatu na la nne, na Hannah Lindqvist, yule uliyemfundisha kusoma kwa mkono wako, ameachishwa kazi. Aliniomba nimbebee maboksi kwa pikapu. Kwenye boksi la mwisho zilikuwamo zile kadi za alfabeti ulizomwandikia mwaka ule uliostaafu. Nikamwambia pole. Akanijibu, "Si kosa lako, Mzee Leland. Wewe angalau ulihangaika na zile karatasi." Niliufunga mlango wa pikapu kwa kishindo, nikasingizia kwamba kitasa kimeharibika. Sasa anauza mbegu dukani, na anakusalimu sana. Alhamisi mpishi wa shule bado anapika maharage ya pilipili na kuyaandalia mkate wa mdalasini, lakini meza ya watoto wadogo imebaki moja tu.

Nikurudishe kwenye kiangazi kile, ingawa wewe unakikumbuka kuliko mimi. Ulituambia kwamba sheria ya vocha inachukua fedha ya wote na kuipa shule inayochagua inayemtaka na isiyoulizwa na yeyote. Ukasema mjini watu wana shule kumi za kuchagua, lakini huku kwetu shule ya pili iko maili arobaini, na asiyeweza kufika huko ndiye atakayebaki akigharimia waliokwenda. Nilikubaliana nawe. Bado nakubaliana nawe, na hapo ndipo ugumu wangu unapoanzia.

Ukatugawia karatasi za kukusanya sahihi, ili sheria ile ipelekwe kwenye kura ya wananchi na kufutwa. Mimi ukanipa ghala la nafaka na mkahawa, kwa sababu, ulisema, kule watu hupenda kunicheka na mtu anayecheka hakatai kalamu. Ilikuwa kweli. Butch wa pale ghalani alisema anatia sahihi ili tu nitoke kwenye mizani yake, maana malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Nilipata arobaini na sita. Na wewe ulitukaririsha kanuni moja kama hesabu za kuzidisha: anayebeba karatasi lazima amwone kwa macho yake kila anayetia sahihi, kisha naye atie yake chini kabisa, kwenye mstari wa shahidi. Mstari huo ukiwa mtupu, karatasi nzima ni ya kuwashia jiko.

Kilichofuata unakijua. Bi Pavelka, karani wa kaunti, alizitupa karatasi zangu zote tano kwa sababu mstari wa shahidi ulikuwa mtupu. Kaunti yetu ikapungukiwa sahihi kumi na tisa. Jimbo zima lilihitaji kaunti arobaini zilizotimiza idadi yake. Zikapatikana thelathini na tisa. Karatasi zisizo na sahihi yangu hazikuwa sahihi, na sheria ikabaki ilivyo.

Nakumbuka kikao kile cha kamati, kwenye chumba cha chini cha kanisa. Nilidhani watanirarua. Badala yake Butch akauliza, "Huyu si ndiye aliyefika kwenye harusi ya Dale kesho yake, na zawadi mkononi?" Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Kisha ukasimama wewe, umeegemea kiti kwa ajili ya nyonga, ukasema kosa ni lako, kwamba wewe ndiye uliyepaswa kuzikagua karatasi kabla hazijapelekwa, kwa kuwa unamfahamu mdogo wako tangu yuko kwenye nepi. Ukaomba radhi kwa kila mmoja na kujiuzulu uenyekiti. Wote wakacheka tena, kwa upole. Nami nikacheka, dada. Nilicheka pamoja nao.

Sasa nikueleze habari za Maren. Unajua jinsi mjukuu wangu alivyokuwa akikwama kwenye maneno, na jinsi wenzake darasani walivyofika mahali pa kumhesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka jina lake litoke. Hannah alijitahidi, lakini hakuweza kuwa kila mahali. Mwezi Mei mama yake, Corinne, alinijia kwenye ghala langu analia. Aliniambia amemwombea mtoto nafasi Amity, darasa la watoto tisa, na vocha imekubaliwa, ila kila kitu kitafutika kura ya kuifuta sheria ikipita. Akasema, "Baba, shangazi asijue kwanza. Utamvunja moyo." Nikamwahidi. Na wewe, Maren alipohama mwezi Agosti, hukusema neno hata moja. Ulimnunulia mkoba mpya wa shule, wa kijani, wenye jina lake.

Jumapili iliyopita Maren alisoma mbele ya kanisa zima, beti nne za shukrani za mavuno. Alikwama mara mbili. Mara zote mbili aligonga meza kwa kidole taratibu, kama ulivyomfundisha wewe kwenye baraza yako ili neno litoke, kisha akaendelea mpaka mwisho. Aliposhuka aliniambia, "Babu, mwandikie Bibi Arlene kwamba nimegonga." Basi nimekuandikia kwamba amegonga. Na kwa sababu yeye ndiye aliyeniagiza, nimeshindwa kuandika hilo peke yake.

Asubuhi ile ya kupeleka karatasi, wewe ulikuwa na miadi ya daktari. Ulitaka kuahirisha ili uzikague kwanza. Mimi ndiye niliyekuhimiza uende, nikakuambia usiniharibie siku moja niliyopata kuaminiwa. Niliegesha pikapu nje ya jengo la kaunti. Kalamu nilikuwa nazo tatu, na zote zilikuwa zinaandika. Nilizijaribu juu ya risiti ya mafuta. Niliusoma mstari wa shahidi kwenye kila karatasi, moja baada ya nyingine, mpaka ya tano. Kisha nikafunika kalamu na kuingia ndani. Bi Pavelka aliniuliza, "Umetia sahihi zote, Leland?" Nikamjibu, "Kama kawaida yangu." Akacheka, kwa kuwa kila mtu anaijua kawaida yangu, akaziweka kwenye rundo.

Sikusahau, dada. Maisha yangu yote nimekuwa nikisahau vitu, na mara ile moja niliyokumbuka kila kitu, niliwaacha watu waamini kwamba nimesahau. Nilikuacha wewe ubebe kosa mbele ya watu uliowafundisha, wao na watoto wao. Hannah amepoteza darasa lake. Watu arobaini na sita walinipa majina yao nami nikayatupa. Ningependa kukuandikia kwamba kama ingewezekana kurudi nyuma ningetia sahihi, lakini nimemsikia Maren akisoma, na sitakudanganya mara ya pili.

Sikuombi unisamehe. Barua hii ipeleke kwa kamati ukitaka, au umsomee Butch pale kwenye mizani malori yakiwa yamepanga foleni. Corinne hajui nilichofanya. Alichoniomba ni kunyamaza tu, kwa hiyo hasira yako yote ije kwangu. Ukirudi mwezi ujao na ukataka kufikia kwingine, nitamleta paka mpaka hapo na kuondoka.

Msalimie Todd na mkewe. Tembea polepole penye barafu. Maren anakubusu, na chupa moja ya bitruti iliyojitahidi inakusubiri.

Yote niliyoandika humu nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe, na safari hii naweka sahihi chini kabisa.

Mdogo wako,
Leland Kudrna