Gari la Kumpeleka Mama Kanga

Jumanne, 15 Julai

Nakwangua kutu tangu saa mbili asubuhi. Kucha zimekuwa nyekundu. Kuku wa hoteli walitaga humu miaka minne na harufu yao haijatoka, sabuni ya tatu sasa. Leo nimekuta yai nyuma ya kiti cha dereva. Sijui la lini. Nimelibeba kwa adabu zote mpaka jalalani.

Gari ni la kulala, limenizidi umri, nami nina arobaini na sita. Mgeni mmoja alikuja nalo kisiwani, akaondoka akaliacha. Mwenye hoteli hakulitaka uani kwake. Nilipokwenda kumfungia sola akaniambia nilivute tu.

Watu wa Kilindoni wananiuliza kama nafungua mgahawa. Nawaitikia ndiyo. Ni rahisi kuliko kueleza.

Jumamosi, 19 Julai

Niandike ukweli basi, hapa hakuna anayesoma. Gari ni la Mama.

Mama ana sukari. Haja ndogo kila nusu saa, na goti la kulia halikunjiki tena, hawezi kuchutama. Dada yake, Mama Mkubwa, yuko Kanga. Kisiwa hiki hiki. Hawajaonana miaka sita. Kila nikimwambia twende anasema barabara mbaya. Barabara ina mashimo, ni kweli, lakini si barabara. Ni aibu. Mwaka jana aliloa ndani ya bajaji akirudi hospitali. Siku mbili hakusema neno.

Kwa hiyo: choo cha kukalia, maji ya bomba, friji ya insulini, feni. Hayo nayaweza, ndiyo kazi yangu, sola na mafriji. Mbao siziwezi. Nimemwita binamu yangu Shaibu, anayeunda mashua.

Mama bado hajui. Naogopa kumwambia.

Alhamisi, 24 Julai

Shaibu amepima gari zima kwa kamba yenye mafundo. Nilimpa futi, akaiweka mfukoni.

Jana mvua ya mchoo, hii fupi ya Julai, ilinyesha na paa likavuja palepale nilipopaka silikoni. Alicheka mpaka akakaa chini. Leo ameziba ule mshono kwa pamba na mafuta ya nazi, kama anavyokalafati mashua, kisha akaniruhusu kupaka silikoni juu yake, "ili roho yako itulie, dada." Tumemwaga ndoo sita. Halikuvuja hata tone. Nimeumia kidogo. Nimefurahi zaidi.

Jumanne, 29 Julai

Betri ya lithiamu imefika na boti ya Nyamisati, kutoka bara. Nyepesi, naibeba kwa mkono mmoja. Zile za zamani zingenivunja mgongo.

Paneli mbili juu ya paa. Nimewasha swichi saa saba mchana na taa zote zikawaka mara ya kwanza. Zote. Friji imeshuka mpaka nyuzi tano. Nimekaa sakafuni kuiangalia tu, kama mtu anayeangalia mtoto aliyelala.

Mama alikuja na fimbo yake, akachungulia. "Kumbe lina friji," akasema, akarudi zake barazani.

Jumamosi, 2 Agosti

Simu kutoka Kanga. Mama Mkubwa anaumwa kifua, wiki sasa. Mwanawe Mbaraka anasema hali chakula, anamtaja mdogo wake tu.

Mama alisikia yote. Akasema barabara mbaya. Akaingia chumbani na nikamsikia analia.

Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Nikamfuata, nikamwambia gari ni lake, nikamtajia kila kitu, choo, maji, feni. Akajifuta machozi.

"Yaani Kilindoni nzima inajua mama yako hawezi kujizuia?"

"Hakuna anayejua, Mama. Wanadhani nafungua mgahawa."

"Basi fungua mgahawa."

Akanigeuzia mgongo. Kuandika haya kunaniuma.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nimetia aibu. Kwa haraka nimeunga pampu ya maji kwa waya mwembamba, tena bila fyuzi. Mimi, ninayewagombeza watu kwa kosa hilo hilo. Dakika kumi, moshi ukajaa garini. Nimechomoa betri. Kabati jipya la Shaibu limeungua ubavu mmoja.

Angekuwa Mama ndani je? Nimewaza hilo mchana kutwa.

Nimeng'oa nyaya zote. Naanza upya, waya mnene, fyuzi kila mstari. Shaibu hakunilaumu. Alikata kipande kingine cha mbao, akaniwekea chai karibu.

Mama Mkubwa bado hali chakula.

Ijumaa, 8 Agosti

Nyaya zimekwisha. Nimejaribu kila kitu mara tano, hata injini.

Baada ya sala ya Ijumaa nilikuwa chini ya gari, miguu tu nje. Nikasikia fimbo. Mama akapanda ngazi polepole, hakuniita. Mlango wa choo ukafungwa. Kimya. Kisha pampu ikanguruma, maji yakapita juu ya kichwa changu kwenye bomba. Ikazima. Nikaisikia tena. Amenawa mikono, nikajua.

Alikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mimi chini sikuthubutu hata kukohoa.

Aliposhuka akasimama karibu na miguu yangu.

"Mlango wake unafunga vizuri," akasema. "Tutoke Jumapili, asubuhi na mapema."

Jumapili, 10 Agosti

Tumefika. Niandike kwa mpangilio.

Tumetoka alfajiri, mimi naendesha, Mama nyuma kwenye godoro, insulini kwenye friji. Nimesimama mara mbili alipogonga ukuta. Nilitazama mbele. Nilifurahi kusikia pampu kuliko muziki.

Njiani, pale Kirongwe, rejeta ikachemka. Mvuke kama chungu cha wali. Watu wakakusanyika, kila mmoja fundi. Nikasema nitatoa maji kwenye tangi letu nipoze rejeta. Mama akatoa kichwa dirishani: "Bakisha ya kwangu." Mwanamke mmoja wa nyumba ya jirani akaja na ndoo mbili za kisima, akatuokoa. Wakati tunasubiri ipoe, Mama alijifungia akajisaidia, watu kumi wamezunguka gari, hakuna aliyejua. Kisha akatoka mkavu, amejifunga mtandio, akawasalimia mmoja mmoja kama bibi harusi. Sijamwona hivyo miaka mingi.

Kanga kabla ya adhuhuri. Mama Mkubwa amekonda, mashavu yameingia. Nikampa shikamoo, hakuitikia, alikuwa anamtazama Mama. Mama akakaa kitandani kwake, akamshika uso kwa mikono miwili. Mbaraka na mimi tukatoka nje. Nimelia nyuma ya gari, na si kwa huzuni.

Jumanne, 12 Agosti

Jana Mama Mkubwa alikunywa uji bakuli zima. Leo wali na mchuzi, na dawa ya kifua bila ugomvi. Mchana akaomba aoneshwe gari. Mbaraka na mimi tukamshika mikono. Alipoona choo akatuambia tutoke.

Tulisubiri. Pampu. Kimya. Pampu.

Alipotoka alikaa kwenye godoro karibu na Mama, akachezea ncha ya kanga yake. Akasema, "Mbaraka ana gari tangu mwaka juzi. Ningekuja kwako siku yoyote. Nilikuwa nakwambia barabara mbaya."

"Na mimi nilikuwa nakwambia barabara mbaya," Mama akasema.

Wakatazamana. Mama ndiye aliyeanza kucheka. Mwenzake akafuatia mpaka akakohoa, nikaogopa, akanipungia mkono nimwache acheke. Miaka sita. Kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Mbaraka hakuelewa, akaniuliza barabara ina nini. Nimemwambia itatengenezwa.

Jumatano, 13 Agosti

Wamelala garini wote wawili. Mimi nimelala ndani, kitanda cha Mama Mkubwa, usingizi mzito.

Asubuhi nimewapelekea chai. Mama alikuwa anajichoma sindano yake huku anabishana na dada yake juu ya jina la mwalimu wao wa chuo cha Kurani, yule mwenye kikohozi. Hawakunitazama. Nimeweka birika nikashuka.

Shaibu amepiga simu kuuliza tunarudi lini. Nimemwambia sijui.

Jua zuri. Upepo kidogo. Nakwenda pwani kutafuta samaki wa watu wanne.