Trekta Lililotukaribisha Likinguruma

Mjukuu wangu Fausta,

Marahaba. Huku Matogoro tu wazima. Mgongo wa babu yako unauma siku za kupalilia tu.

Umeuliza utalijuaje trekta kuukuu la dizeli litakalokufaa kukatia nyasi. Miaka ile ya soko huria tuliuza nusu ya ng'ombe wetu tununue la mzee mmoja wa Mshangano. Asubuhi ya baridi, tulilikuta linanguruma tayari. Babu yako akatoa fedha.

Nikamwambia yule mzee, "Lizime kwanza, shemeji, tusalimiane."

Nikanywa togwa, nikala ugali, nikaulizia ukoo wake mzima mpaka injini ikapoa, maana dizeli iliyochoka huwaka ikiwa ya moto tu.

"Haya, liwashe."

Likakohoa, likanyamaza.

"Mama, ulikuja kununua au kula?" mzee akauliza.

"Kula nimeshakula."

Tukarudi na fedha zetu. Wewe ukienda kuliona lako, nenda na njaa.

Bibi yako