Bega la Kulia na Kulabu ya Mizani

Jumanne, 14 Januari 2025
Bega limegoma. Kreti ya maembe, kilo 22, nimeinua hadi tumboni, basi. Kulabu ya mizani iko juu ya kichwa! Nzilani, anayeitamani kazi yangu ya mizani, akacheka mbele ya wakulima wote: Mama Mbithe, si ulisema mizani ni ya wenye nguvu? Nilisema, ndiyo. Miaka sita napimia kikundi, na hakuna aliyenishika mkono kufika hapo.

Ijumaa, 17 Januari
Kliniki, mjini Wote. Wacuka, binti wa physio, yaani mazoezi ya viungo, ana rula ya plastiki ya kupimia digrii. Mkono wa kushoto unapanda 175. Wa kulia 70! Pima tena, nikamwambia. 70. Hesabu yake naikubali: kuinua mkono mpaka juu ni 180. Kiungo cha bega hutoa 120, mfupa bapa wa mgongoni 60. Mbili kwa moja. Kiungo changu kimekauka, mfupa wa mgongoni unabeba mzigo wa mwenzake — kama mimi na hicho kikundi.
Itachukua miezi, anasema. Maembe yanaisha Machi!

Jumapili, 19 Januari
Kanisani, wakati wa sifa, mikono yote juu. Wangu kiunoni. Nzilani akanong'ona hadi nje wakasikia: moyo ukikauka, mkono nao. Mnafiki yeye!
Mazoezi: vidole vitambae ukutani, mara kumi. Naweka alama ya penseli. Nimepanda sentimita mbili.

Jumatano, 22 Januari
Mwenyekiti, Mzee Muindi, ametangaza: kesho, asiyeweza kutundika kreti anaachia mizani. Kulabu iko sentimita 198. Alama yangu ukutani: 119 kutoka chini.
Nani aliivuta kwa kamba juu hivyo, akafunga fundo kwenye nguzo? Mimi. Nzilani ni mfupi. Nilitaka asiifikie.

Alhamisi, 23 Januari
Nzilani alianza. Akakosa. Akaruka na kreti — akakosa! Watu hoi kwa kicheko. Mimi sikujaribu. Muindi akaniita kando: Mama Mbithe, fundo ni lako. Shusha kulabu, upime, tumalize.
Sentimita 79 tu. Naweza. Lakini ikinifikia mimi, inamfikia na Nzilani, na mabega yake ni mazima yote mawili.
Kreti 64 juani. Lori linapiga honi. Nimekaa chini ya nguzo ya mizani, daftari gotini. Nzilani amesimama mbele yangu, mikono kiunoni: fungua basi, mwaitu, mama yetu, ama unangoja tukuombee?
Mkono wa kulia unaandika. Wa kushoto uko kwenye fundo.