Kamera Uliyonitumia

Nyansiongo, Jumatano

Dada yangu Celestine,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko Doha, na kile kikohozi kimekuacha. Huku tunapumua tu. Nikisema hatujambo nitakuwa nakudanganya. Mama hali chakula vizuri. Baba bado anaongoza maombi asubuhi na jioni, ila sauti imemkauka.

Uliuliza kwa simu kama ndugu yetu Nyamongo ameonekana. Bado. Ni wiki ya tatu sasa tangu ateleze akivuta bomba la pampu, bwawa la shamba likammeza. Wazamiaji wa Kisumu walirudi kwao juzi. Mkubwa wao, Okeyo, alinipa mkono akasema wamefanya waliloweza. Kaburi tulilochimba kando ya migomba tumelifunika kwa mabati, maana mvua inalijaza.

Uliuliza pia kuhusu kamera uliyonitumia nilipopata kazi ya kuzamia Diani, kwamba pengine ilinasa kitu ambacho macho hayakuona. Maji yale ni kama uji wa wimbi: unazama, unapapasa, ukitoka ndipo unaangalia picha. Okeyo alitukagua kila mara. Kamera ifungwe mkononi na kwenye koti la kuzamia pia, kwa sababu vidole vikipata baridi havishiki kitu. Ijumaa moja nilitoka bila yangu. Alinifokea mbele ya watu, akaniuliza kama Diani nilikuwa nafundishwa kuzama au kuoga. Nikasema imepotea, na wewe nikakwambia hivyo hivyo.

Haikupotea, dada.

Ijumaa hiyo nilimpata Nyamongo. Nilishika mkono wake, nikaujua kwa kile kidole kilichokatwa na mashine ya majani ya ng'ombe. Nilipoibuka kuita wenzangu, Baba alikuwa ukingoni akipaza sauti kwamba jua linazama, Sabato inaingia, kila mtu atoke, kazi ni Jumapili. Mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, nikamwogopa. Nikasema moyoni, ameshakufa, siku moja itamdhuru nini? Nikarudi chini, nikafunga kamera kwenye mshipi wake, ule mpini wa njano unaoelea uwe alama. Sikumwambia mtu. Mama angejua yuko pale, angeingia majini mwenyewe.

Jumamosi tukiwa kanisani mvua ikapiga, ukingo ukaporomoka. Jumapili nilikwenda moja kwa moja pale nikakuta tope limepita kimo changu. Nimechimba kwa mikono, nikashindwa. Na kusema pia nikashindwa, mjinga mimi! Wiki jana mwenye shamba alifukia upande ule kwa tingatinga ili ukingo usizidi kumomonyoka. Nilisimama nikatazama.

Wewe ndiye wa kwanza kujua. Ukiona inafaa wazee waambiwe, waambie wewe. Mimi nimejaribu mara mbili, nikaishia kuomba chumvi.

Wasalimie wenzetu wote huko. Mama anakusalimu sana. Kila nikirudi kutoka bwawani ananiwekea maji ya moto nioge, na kunishukuru kwamba sijachoka kumtafuta ndugu yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Onyiego