Gunia la Punda

Jumanne, Garsen

Nilimpiga. Niandike hilo kwanza, kabla sijaanza kujitetea.

Tulikuwa tunatoka mtoni na mitungi minne ya maji. Kufika barabara ya Tarasaa, punda wangu akasimama na kulaza masikio, akakataa kwenda. Nikaona ni ukaidi. Jua kali, watu wanatazama, nikachukua fimbo.

Jirani yangu Mama Makai, Muorma, alikuwa nyuma na punda wake watatu. Hakuniambia niache. Alisimama tu kati yangu na punda, akaanza kufungua kamba.

"Dada, hii haina kiburi," akasema. "Iko na maumivu."

Akashusha mitungi, akavuta gunia ninalomtandikia mgongoni, akalipitisha polepole kwenye mkono wake mwenyewe, upande wa ndani ambako ngozi ni laini. Mkono ukatoka damu. Mwiba wa mathenge, ule mti wa miiba wa huku, ulikuwa umenasa kwenye gunia. Chini ya gunia, kidonda.

Kila asubuhi namwona akipitisha magunia yake mkononi hivyo, kabla hajapakia chochote. Miaka yote hii sijawahi kumuuliza kwa nini.

Mitungi miwili akawapakia punda wake, miwili tukabeba wenyewe. Njia nzima alikuwa akimpapasa wangu pale fimbo ilipotua.

Jioni nimempelekea punda wangu majani, akarudi nyuma. Kisha Mama Makai akapita nje na dawa ya kidonda, na punda akamwendea kabla hajaitwa.