Daftari la Ndege Zinazokuja

Murusagamba, 14 Juni 2025

Mwanangu Joyceline,

Juzi Alhamisi ulipita juu ya Lusahunga saa tisa na dakika kumi na saba alasiri. Aliyethibitisha ni Restituta, yule aliyekuwa mpishi wa misheni, ambaye sasa anawapikia madereva wa malori pale njia panda.

Baada ya taarifa hiyo, salamu. Mimi na mama yako Genoveva tunaendelea vizuri, na mihogo imekauka kabla ya umande kuiharibu. Sikio langu la kushoto limeziba. La kulia linafanya kazi bado. Ndiyo maana naandika: kwenye simu nasikia nusu ya neno, nusu najaza mwenyewe, halafu tunagombana bure.

Nimepima kasi ya hiyo ndege yenu unayoirusha. Ilipokuwa juu ya kiwanja chetu cha ndege nilibonyeza saa. Ilipofika Lusahunga, Restituta alinibipu, simu ikatetemeka mfukoni, nikasimamisha saa. Dakika kumi na moja na sekunde thelathini na nne, kwa kilomita hamsini na nne ulizopima wewe mwenyewe kwenye ramani ukiwa kidato cha tatu.

Kisha nikafungua daftari. Unalikumbuka. Miaka kumi na tisa nililinda kiwanja cha misheni, nikifyeka nyasi, nikifukuza mbuzi, nikiwasha moshi wa majani mabichi ili rubani aone upepo. Kila Cessna, ile ndege ndogo ya padre, ilipokuwa inakuja kutoka Mwanza, padre alitamka "Lusahunga" kwenye redio, nami nikahesabu mpaka ilipofika juu yangu. Wastani wa kiangazi ni dakika kumi na moja na sekunde kumi.

Kwa hiyo ndege iliyoundwa mwaka 1964 inaishinda yenu ya 2019 kwa sekunde ishirini na nne. Naomba maelezo.

Restituta naye ana malalamiko: "Mzee Nyanda, mwambie mwanao kapita na hakudondosha hata pipi."

Baba yako,
Nyanda


Mwanza, 29 Juni 2025

Shikamoo baba, shikamoo mama.

Mimi ni mzima, ila usingizi haunitoshi. Barua yako kondakta alinikabidhi stendi ikiwa na harufu ya dagaa. Hilo sikio umelipeleka hospitali au unalisubiri lipone lenyewe?

Saa yako haina kosa. Kosa ni upepo, na wewe ndiye uliyenifundisha kuwa kiangazi unatoka mashariki. Padre alikuwa anakuja kwako akitoka Mwanza, upepo ukimsukuma mgongoni. Mimi kila Alhamisi nampeleka Bwana Makame, mwenye ndege, Kigali, kisha Bujumbura, halafu tunarudi Mwanza. Kwako napita nikielekea mashariki. Siku uliyonipima kioo cha vipimo kilionyesha upepo wa kilomita arobaini kwa saa ukitupiga usoni. Umelinganisha anayeshuka mlima na anayeupanda.

Tukiondoa upepo, yetu inakwenda mia tatu na ishirini kwa saa. Ya padre ilikwenda mia mbili na hamsini. Hewa ingetulia, yetu ingemaliza kipande chako kwa dakika kumi na sekunde saba, ya padre karibu kumi na tatu.

Lakini usikate tamaa na wazee wenzako. Yetu inakunywa lita sitini na tano kwa saa, ya padre hamsini. Gawanya kwa kilomita: karibu sawa kabisa. Na hapa Mwanza nimewahi kuona nyingine ya zamani, ya mwaka 1965, mkia wake kama herufi V, magurudumu yanakunjwa tumboni. Hiyo inakwenda mia tatu na kumi. Miaka yote hii tumeongeza kilomita kumi, vioo vya kuonyesha ramani, na viti vizuri.

Mwanao,
Joyceline


Murusagamba, 6 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako amecheka mpaka akakaa chini. "Mlinzi wa upepo kasahau upepo!" Ameshawaambia majirani. Nakubali kosa, na nimelirekebisha daftarini kwa wino mwekundu.

Hospitali nimekwenda. Daktari amesema la kushoto limekwisha na la kulia linafuata. Hakutaja mwezi.

Hoja yangu nyingine ni hii. Umeniandikia habari ya kupita. Sasa niandikie ya kushuka. Kiwanja kina hatua mia nane, kama ulivyokiacha. Tangu misheni ilipouza ndege mwaka 2016 nakifyeka mwenyewe. Uongozi wa kijiji haujakigawa kwa sababu kila wakija wananikuta ndani na fyekeo. Ndege yenu inaweza kushuka hapa?

Baba yako,
Nyanda


Mwanza, 20 Julai 2025

Shikamoo baba.

Natumaini la kulia bado linasikia. Mimi nina afya.

Jibu ni hapana. Magurudumu yetu ni madogo, yamevalishwa vifuniko, na pangaboi la mbele linazunguka karibu sana na ardhi. Kichuguu kimoja kinatosha kulivunja. Hata kama ningethubutu, bima inataka lami. Ya padre ilikuwa na mabawa juu na miguu mirefu. Kiwanja chako kilitengenezwa kwa ajili yake.

Ninajua unachouliza hasa. Desemba 2019 uliniambia kwenye mlango wa basi, "Safari ijayo usije kwa basi." Sijasahau. Miaka mitano na nusu napita juu ya bati la nyumba yetu na nalitambua, lile moja jipya upande wa jikoni. Sijapata ndege ya kushuka hapo, ndiyo maana sijaja.

Tumalize hesabu kwanza, kwa sababu ninakujua, hutalala. Nitumie dakika za Cessna ilipokuwa inaondoka, kutoka kiwanjani hadi Lusahunga. Tukijumlisha kasi ya kuja na ya kwenda, tukagawa kwa mbili, upepo unajiondoa, nasi tutajua kasi yake halisi bila kutegemea vitabu vyangu.

Mwanao,
Joyceline


Mwanza, 17 Agosti 2025

Shikamoo baba. Hamjambo wote?

Sijapata jibu. Restituta, aliyeipokea barua kwenye basi, anasema alikupa mkononi. Alhamisi nilitikisa mabawa. Mliona?

Joyceline


Murusagamba, 8 Septemba 2025

Mwanangu Joyceline,

Alhamisi tarehe 4 sikukusikia. Mama yako anasema ulipita saa tisa na dakika tano, akanigusa bega, akanyoosha kidole. Nilipoinua macho ulikuwa umeshavuka migomba. Simu ilitetemeka mfukoni ulipofika Lusahunga, lakini sikuwa na dakika ya kuanzia. Mstari wa siku hiyo daftarini uko wazi.

Marahaba. Afya nyingine zote ni nzuri. Maharage tumeyatia ghalani.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa natafuta. Nimepekua kurasa zote. Safari za kuja ni mia mbili na kumi na mbili. Za kwenda hakuna hata moja. Anayekuja unamsubiri, unatazama saa. Anayekwenda nilimwondolea mbuzi njiani, nikapunga mkono, nikarudi kufyeka. Mwaka 2009 padre alipokupeleka Mwanza kuanza kidato cha tano, saa ilikuwa mkononi mwangu. Redio ilitamka "Lusahunga". Saa sikuibonyeza.

Hivyo hesabu yako haiwezi kukamilika, na kosa ni langu.

La pili. Lile neno la mlango wa basi nililisema kwa sababu kulikuwa na watu. Wazee wenzangu walikuwa wamesimama pale na nilitaka wasikie kwamba binti yangu ni rubani. Hapakuwa na agizo. Mama yako aliniambia siku ileile, "Utamfungia mtoto njia kwa majivuno yako." Nikamwambia binti anaelewa utani. Njoo kwa basi. Njoo kwa lori la saruji, Restituta anawajua madereva wote. Njoo nikisikia.

Baba yako,
Nyanda


Mwanza, 14 Septemba 2025

Shikamoo baba, shikamoo mama.

Nimeisoma barua yako mara nne, ya mwisho nikiwa nimekaa ndani ya ndege, kabla Bwana Makame hajafika. Aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna likizo. Akanitazama. "Miaka mitano hujaomba likizo, leo unaomba kwa macho mekundu. Chukua kabla sijabadili mawazo."

Basi sitakuja kwa basi. Usiseme kitu, sikiliza kwanza. Kuna Cessna hapa ya mwaka 1966, aina ileile ya padre. Mwenyewe ananiazima, na nilishairusha mwezi uliopita. Vibali nimeviomba, barua ya kijiji aliyoisaini mwenyekiti imenifikia kwa basi la Jumanne. Mama ndiye aliyeifuatilia, kama hakukwambia.

Nitaruka Mwanza Jumamosi tarehe 27 saa mbili na nusu asubuhi. Lusahunga saa tatu na dakika kumi. Kwako saa tatu na dakika ishirini na moja, upepo ukiwa kama ulivyo.

Ninachohitaji: nyasi zisizidi kifundo cha mguu. Vichuguu visawazishwe na kushindiliwa. Mbuzi wafungwe, siyo kufukuzwa. Moshi uwake upande wa mashariki.

Nitapita mara moja chini kabla ya kushuka, injini ikinguruma kwa nguvu. Simama kwenye nguzo ya bendera ya upepo, sikio la kulia ukiligeuzia Lusahunga.

Nitalala kwenu usiku mmoja. Jumapili saa nne asubuhi nitaondoka. Na hiyo, baba, utaipima.

Mwanao,
Joyceline


Murusagamba, 21 Septemba 2025

Mwanangu,

Marahaba, na mama yako anaitikia ya kwake. Sote tuko salama.

Taarifa ya kiwanja. Nyasi zimefyekwa jana na leo. Nilipita na rula. Vichuguu vilikuwa vitatu, vyote vimeshindiliwa, kile cha karibu na mihogo mara mbili. Wenye mbuzi wameonywa. Majani ya moshi nimeyakata na kuyaweka kivulini yasikauke.

Restituta ameahidi kutopika asubuhi hiyo. Amesema, "Madereva watakula mkate, mimi nina ndege." Anaulizia pipi.

Sikio la kulia nililijaribu leo. Kengele ya kanisa nimeisikia. Jogoo sikumsikia, ila mama yako anasema hakuwika.

Daftari nimelifungua ukurasa mpya. Nimepiga mstari katikati. Upande mmoja nimeandika Kuja, upande wa pili Kwenda. Huo wa pili umenichukua muda kuuandika.

Jumamosi tarehe 27, saa tatu na dakika kumi, simu itatetemeka nami nitaanza kuhesabu. Jumapili tarehe 28, saa nne kamili, nitabonyeza tena.

Baba yako,
Nyanda